Mkono wa drafti kwenye ubao wa chesi

Mi nimekulia kwenye drafti. Sio ya kwenye simu, ya kijiwe, ubao umechorwa kwa makapeni juu ya kipande cha plaiwudi, kete ni vizibo vya soda, vya kwako vimelala chali vya mwenzako vimefunikwa, na pembeni wamesimama watu 6 ambao wote wanajua kuliko nyie wawili mnaocheza. Kijiwe chetu kiko Tandika chini ya mwarobaini, jirani na wanapopaki bajaji, na mzee mmoja fundi cherehani ndo alikuwa mbabe wa pale, anapindisha suruali ya mtu huku anakufunga. Kama umewahi kucheza drafti sheria mama unaijua, ukikuta pa kula unakula, hakuna cha ngoja kwanza nifikirie. Ndo maana mafundi wanakutegea, wanakupa kimoja makusudi, unakula, afu wao wanakula vitatu na kuingia kingi juu. Miaka zaidi ya 15 mkono wangu umefunzwa hivo, jicho likiona pa kula mkono umeshafika.

Chesi nimeijua 2020 kipindi cha korona, dogo mmoja jirani alinionyesha kwenye simu yake nikanogewa. Kamusi inasema sataranji, jina zuri tu la watu wa pwani, ila sijawahi kusikia mtu klabu anasema twende tukacheze sataranji, tunasema chesi. Na kete nitazitaja nnavozitaja mwenyewe, mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi na askari, wapo wanaosema kwini na ruku na poni, sawa tu, mchezo ni ule ule.

Kwenye simu nilikuwa nacheza zile za dakika 3, usiku kitandani, kwenye daladala, hadi chooni, na nilikuwa nimefika reti, ile namba ya kupima ubora wa mchezaji, ya 1500 na kitu nikajiona nimeshakuwa mtu. Sasa jamaa mmoja akanitumia tangazo la mashindano ya wikendi, kiingilio buku 10, mashindano ya kukaa mezani kabisa na saa na karatasi ya kuandika muvu. Nikalipa siku hiyo hiyo.

Ijumaa usiku nikasema lazima nijiandae kama watu wanavyojiandaa. Nikafungua video ya Kiingereza ya ufunguzi, yani mpango wa muvu za kwanza, unaoitwa Farasi Wawili. Kwa kawaida mi nikikutana na ule ufunguzi wa Kitaliano, yani nyeupe anamtoa askofu mpaka c4 (kila nyumba ya ubao ina jina, herufi ya safu a mpaka h na namba ya mstari 1 mpaka 8), najibu na askofu wangu c5 tu, mambo ya upole, kila mtu anajenga kwake. Jamaa wa kwenye video anasema nyeusi akitoa farasi f6 badala ya askofu anacheza kibabe zaidi. Nikapenda hapo kwenye ubabe. Akaendelea, nyeupe anaruka na farasi g5, anaipigia hesabu f7, nyeusi anasukuma d5, nyeupe anakula d5, na hapa ni muhimu sana sikiliza vizuri... kile kiduara kikaanza kuzunguka. Bando limekata. Saa 5 usiku, duka la mangi limefungwa, na la kukopa siwezi kwa sababu la juzi sijalilipa. Nikajiambia ah, si anakula d5, na mi nakula d5, kuna cha ziada gani hapo. Nikalala.

Asubuhi nikapanda daladala ya Kariakoo, nikashuka nikaingia mgahawani nikapiga chapati 2 na maini ya kukaanga na chai ya rangi. Hilo la maini lishike, nitalirudia.

Ukumbi uko Upanga, feni 4 na mbili hazizunguki. Refa, mama mmoja mpole sana lakini sauti yake inafika mpaka barabarani, akatusomea sheria. Dakika 60 kila mchezaji na unaongezewa sekunde 30 kila muvu, raundi 5 kwa siku 2, mtindo wa Swisi yani hakuna kutolewa, ukishinda unapangiwa aliyeshinda, ukipigwa unapangiwa aliyepigwa mwenzio. Simu ikilia umepoteza mchezo. Kila muvu unaiandika. Na ukigusa kete yako umeicheza, ukitaka tu kuinyoosha ikae vizuri kwenye nyumba yake useme kwanza narekebisha. Hiyo ya mwisho niliisikia kwa sikio moja. Kijiweni unanyanyua kizibo, unakizungusha hewani, unakirudisha, wanakuzomea maisha yanaendelea.

Raundi ya kwanza nilishinda, jamaa alimsahau malkia wake, hakuna cha kusimulia.

Raundi ya pili ubao namba 7 nikakuta binti. Kidato cha pili hivi kwa kumkadiria, sweta la shule la kijani, chupa ya maji, na pembeni kadaftari kadogo kamefungwa na mpira wa nywele. Akasimama.

"Shikamoo anko."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo."

Nikasema moyoni, leo napumzika.

Yeye nyeupe. Akasukuma e4 mi e5. Farasi f3, farasi c6. Askofu c4. Nikamtoa farasi wangu f6 kwa madaha kabisa, nikabonyeza saa kama mtu aliyesomea. Binti hata hakufikiria, farasi g5.

Kwa asiyejua, mwanzo wa mchezo yule askari wa f7 ndo yatima wa kambi ya nyeusi, analindwa na mfalme peke yake, hana mwingine. Na sasa anatazamwa na wawili, farasi wa g5 na askofu wa c4. Basi nikasukuma d5 kumzibia askofu njia, ile ile ya kwenye video. Akala kwa askari wake. Mpaka hapo tuko vizuri, mi na bando langu tumefika mwisho wa pamoja.

Sikufikiria. Nasema ukweli, sikufikiria hata sekunde 5, na saa yangu ilikuwa na zaidi ya dakika 60 zinanisubiri. Jicho limeona askari d5, farasi wa f6 anamfikia, mkono ukaenda. Nimeshamshika farasi ndo nikasikia kama ile sauti ya jana, hapa ni muhimu sana. Nikaganda, vidole viko kwenye masikio ya farasi. Nikamwangalia binti, yeye hata haniangalii usoni, anaangalia mkono wangu, kama paka anavyouangalia mkono wa muuza samaki. Nikageuka nikaona refa amesimama meza ya pili. Kugusa ni kucheza, na kumpeleka huyo farasi kwingine sikuona pa maana. Nikala.

Binti akaandika kwanza muvu yangu, mwandiko mzuri wa kulala, afu akamnyanyua farasi wake akamla askari wa f7. Farasi mzima kwa askari mmoja! Yuko pale anamtaka malkia na ngome kwa mpigo, ila mfalme wangu anamfikia. Pa kula tena. Nikala. Malkia f3, cheki, yani mfalme wangu anashambuliwa. Sasa farasi wangu wa d5 anapigwa na malkia na askofu. Nikapiga hesabu ya kumficha mfalme g8: askofu anakula d5 cheki, namla kwa malkia, malkia wake anamla wangu cheki tena, nabaki na askofu wa kuziba pale e6 tu, anamla na hiyo ni mati, mfalme hana pa kukimbilia, mchezo umeisha. Hiyo niliiona, nashukuru niliiona, maana ingekuwa muvu ya 10 na watu wangeandika historia. Kwa hiyo kumlinda farasi ilibidi mfalme atoke mwenyewe mpaka e6. Muvu ya 7 mfalme wangu yuko katikati ya uwanja, kama mtu aliyetoka bafu la uani na taulo akakuta mlango wa nyumba umejifunga.

Akatoa farasi wake wa pili c3, sasa wanaomtaka yule wa d5 ni watatu. Nikampeleka farasi wangu mwingine b4 amsaidie mwenzie, na kusema kweli sio kumsaidia tu, nilishaona c2 pako wazi. Binti akasukuma kaaskari a3, kumfukuza. Yani ananifukuza kuelekea chakula! Nikala c2, cheki, na hapo hapo nimempiga uma, mfalme na ngome. Mfalme akasogea d1. Nikala ngome ya kona, a1. Yeye akala farasi wangu wa d5. Nikajumlisha kete haraka haraka, niko mbele ngome nzima. Ngome nzima! Kijiweni ningeshasimama nishangilie.

Afu nikauangalia ubao wote, nadhani mara ya kwanza tangu tuanze. Ngome zangu 2 na maaskofu wangu 2 wapo pale pale walikozaliwa. Farasi niliyebaki naye amejifungia kona ya a1, nyumba ya watu, hana pa kutokea. Mfalme yuko na taulo lake nje. Na kila chake kilichotoka kinamwelekea yeye.

Nikamrudisha mfalme d7. Malkia akaja f7, cheki. Mikono inatoka jasho, najifuta kwenye suruali. Nikaona nizibe na malkia wangu e7, wakibadilishana malkia nimepona. Nimeshabonyeza saa ndo nikamwona farasi wa d5, alikuwepo muda wote ule, na e7 ni nyumba anayoifikia. Akamla malkia. Muvu ya 13.

Nilikuwa na askofu wa kumla huyo farasi, na mkono ukaanza kweli kwenda, hapo ndo mara ya kwanza siku ile nikauzuia. Nikasimamisha saa nikampa hongera. Jamaa mmoja baadaye aliniambia niliachia mapema, bado kete nilikuwa nazo za kupigania. Sawa, ila mi moyo ulikuwa umeshaachia tangu muvu ya 7. Kwenye karatasi nikaja kuhesabu, mi nimekula mara 4 na yeye mara 4. Mi askari, farasi, askari, ngome. Yeye askari, askari, farasi, malkia. Saa yake ilikuwa na dakika 63, zaidi ya alizoanza nazo.

Tukatoka kibarazani, kule kuna meza ya kuchambua michezo. Nilitaka kujiondokea zangu ninunue maji, ila binti alishapanga ubao, tena kwa heshima zote, kaupanga upande wangu kwanza.

"Anko, pale usile."

"Wapi?"

"Hapa. Mpeleke huyu farasi mwingine a5, umfukuze askofu."

"Askari wangu nimwache hivi hivi?"

"Mwache tu."

"Si nitakuwa pungufu?"

"Ndiyo, pungufu ya mmoja. Ila yeye sasa ndo anakimbia kimbia."

Akanionyesha, mkono wake unaenda taratibu. Askofu anatoa cheki b5, unaziba na askari c6, wanakulana, askofu anarudi e2, unasukuma h6 farasi wake anarudi f3, unasukuma e4 farasi huyo huyo anakimbia tena kwenda e5. Nikahesabu, muvu 10 farasi wake mmoja karuka mara 4 na askofu mara 3, na nyumbani kwake hamna aliyetoka zaidi. Mi huku nimetoa vitu vyangu bila kusukumana na mtu. Kanipunguzia askari mmoja, ila kama nauli vile, nimelipa na nimefika kabla yake.

Nikamuuliza hilo shambulio la mwanzo linaitwaje. "Maini ya kukaanga." Nikadhani mtoto kaniona asubuhi pale mgahawani ananitania. Kumbe kweli, ndo jina lake, Waitaliano wanasema fegatello. Na sio kitu kipya, yupo Mtaliano mmoja Giulio Cesare Polerio, mchezaji wa karne ya 16, maandishi yake ya mkono ndo yametuachia michezo ya namna hii, na cha kuuma ni kwamba hata ile farasi a5, dawa yenyewe, inaitwa kwa jina lake. Yani sumu na dawa vimejulikana miaka 400 na mi nilikuwa nasubiri bando.

Mashindano nikamaliza na pointi 2 na nusu kati ya 5. Zilizobaki sizikumbuki vizuri.

Ile karatasi ya mchezo nikaikunja nikaiweka kwenye pochi, ikakaa na kitambulisho. Na hapa kuna ushauri nilipewa na watu wengi ambao mpaka leo naona ni mbovu, kwamba ukipigwa kwenye ufunguzi badilisha ufunguzi. Klabu kuna kaka kabisa, mzuri tu wa kucheza, kila akipigwa wiki inayofuata anakuja na kitu kipya, leo Sisili, kesho Wafaransa, keshokutwa kitu cha farasi kutangulia, na kila kimoja anakijua mpaka muvu ya 6. Mi nilikaa na Farasi Wawili wangu miezi karibu 8. Jioni baada ya kazi, ubao wa plastiki na karatasi, simu nimeiweka chumba kingine, kwa sababu ile injini, programu ya simu inayochambua chesi, ukiiuliza inakuambia muvu nzuri na haikuambii kwanini, unaitikia amina unasahau.

Nilichokuja kugundua ni kwamba hii farasi g5 yenyewe wakubwa waligombana kuhusu hiyo. Tarrasch, yule daktari wa Kijerumani, aliisema ni muvu ya mtu asiyejua mchezo, unarusha farasi yule yule mara ya pili na wengine wamelala. Afu Steinitz, bingwa wa dunia wa kwanza, akaicheza na Chigorin kwenye mechi ya telegrafu ya 1890 kuingia 1891, mmoja yuko Marekani mwingine Urusi muvu zinatumwa kwa waya, na farasi akifukuzwa na h6 Steinitz hakumrudisha f3 kama watu, alimpeleka h3, pembeni kabisa. Akapigwa mchezo huo, na ule mwingine wa pili waliokuwa wanacheza sambamba akapigwa pia. Ungedhani imekufa. 1963 Bobby Fischer akaitoa kaburini, farasi h3 vile vile, dhidi ya Bisguier, akashinda. Kwa hiyo mtu akikuambia muvu fulani ni mbaya muulize mbaya mikononi mwa nani. Mi kwangu hiyo ilinipa nguvu kwa namna ya ajabu, kwamba ile njia sio hesabu iliyofungwa, ni mapatano: nyeupe ana askari wa ziada, nyeusi ana muda, na mnakwenda kubishana kipi kizito. Nilikuwa sijawahi kufikiria muda kama kitu cha kula.

Siku moja nikamweleza yule mzee fundi cherehani kijiweni, nikamwambia mzee huu mchezo kula sio lazima, unaweza kuona pa kula ukaacha. Akacheka mpaka sindano ikasimama. "Sasa huo mchezo gani, unawekewa chakula unasusa?" Nikamchorea hadithi ya binti, maini, ngome ya kona. Akanyamaza, akashona mshono mzima wa pembeni, afu akasema bila kuinua kichwa, "We hukufungwa ulipokula, mwanangu. Kula ni mwisho. Ulifungwa ulipokubali kupelekwa kwenye sahani. Mbona hapa nikikupa kizibo unaniuliza kwanza nakupeleka wapi?" Nikamwambia hapa siulizi mzee, hapa unanifunga kila siku. "Ndo hivo," akasema, akakata uzi kwa meno.

Mzee hajui hata farasi anaruka vipi lakini nilitembea na hilo neno wiki nzima. Maana ni kweli, ufunguzi nilikuwa nauchukulia kama wimbo wa kukariri, ukimaliza beti unaanza kucheza mchezo wenyewe. Kumbe pale kwenye muvu ya 3, farasi f6 badala ya askofu c5, ndo nilichagua nitaletewa chakula gani mezani, na sikuwa nimeuliza.

Mwaka uliofuata nikalipa kiingilio tena, ukumbi ule ule, feni sasa zinazunguka 3. Reti ya FIDE, shirikisho la chesi la dunia, nilikuwa sina na mpaka leo sina, ngazi ya chini siku hizi ni 1400 tangu walipobadilisha Machi 2024 na mi bado sijakusanya michezo ya kutosha na watu wenye reti. Raundi ya tatu nikapangiwa kijana wa chuo, hedifoni shingoni mpaka refa akamwambia avue, ana haraka, mguu unatikisika chini ya meza. Mi nyeusi. e4, e5, farasi, farasi, askofu c4. Nikatoa farasi f6. Akatabasamu. Nakiapia kile kitabasamu nakijua, mi mwenyewe nimekiona kwenye kioo. Farasi g5. d5. Akala d5 akabonyeza saa kwa nguvu.

Na mkono, baada ya miezi yote ile, ulianza kwenda! Nimeuona kwa macho yangu unatoka mezani kwenda f6. Nikauvuta nikaukalia. Kweli, nikakalia mikono yote miwili kama mtoto darasa la kwanza, nikahesabu mpaka 20, ndo nikautoa wa kulia nikamgusa farasi wa c6 na sio mwingine. A5.

Mguu ukaacha kutikisika. Alifikiria dakika 11, nimeziandika pembeni ya karatasi. Kumbe na yeye video yake iliishia kwenye maini. Baadaye akazipata muvu moja moja kwa akili yake, na nampa sifa, cheki b5, wakakulana c6, askofu e2, h6, farasi f3, e4, farasi e5. Nikamtoa askofu d6. Akasukuma d4, na mi nikamla njiani kwa askari wa e4, hiyo sheria ya askari kumla mwenzie aliyempita pembeni mara ya kwanza kuiona kwenye simu nilidhani programu imeharibika nikaizima nikaiwasha. Farasi wake akala d3, malkia wangu c7, anachungulia h2 pamoja na askofu. Akaogopa akasukuma h3. Tukafanya kaslingi wote, mfalme ndani ngome nje, askofu wangu mwingine akaja f5, farasi wake c3, ngome yangu ya a8 ikaja d8. Muvu ya 15 na kete zangu zote ziko kazini, mfalme kavaa nguo yuko nyumbani. Askari mmoja pungufu. Sijawahi kujisikia tajiri vile.

Sikushinda. Nilimsukuma sukuma mpaka saa yake ikaingia dakika za mwisho, yeye akajikunja akajificha, mi sikuona pa kuingilia, na muvu ya 31 nafasi ikajirudia mara ya 3, nikamwita refa nikaomba droo. Kijana akanipa mkono, "Kaka umenitoa jasho, ile farasi a5 umeitoa wapi?" Nikamwambia kwa mtoto wa shule, akadhani natania.

Na mtoto mwenyewe nikamkuta pale pale kibarazani, sasa kidato cha tatu, karefuka, na asubuhi ile alikuwa anacheza ubao namba 2. Shikamoo anko, marahaba mwanangu. Nikamkabidhi karatasi kama mtu anayepeleka ripoti ya shule kwa mzazi. Akaisoma kwa kidole, taratibu, a5 akatikisa kichwa kukubali, d6 akakubali, kidole kikashuka mpaka muvu ya 24 kikasimama. Akaipanga nafasi ubaoni, hata hakumaliza kuweka kete zote.

"Anko, huyu askari wa a2 mbona hukumla?"

Nikaangalia. Malkia wangu anamwona, hana mlinzi, hana ndugu. Naikumbuka vizuri ile muvu, nilimwona, nikakalia mikono, nikafikiria dakika 9 nzima natafuta mtego uko wapi, nikasogeza ngome.

"Nilijua ni mtego," nikasema.

Akaugeuza ubao upande wake, akauangalia na kule, akarudi.

"Hakuna mtego hapa anko. Alikuwa wa bure."